Taarifa ya mwenyekiti kwa wanaumoja, mwaka 2022

Assalaam aleykum, Bwana asifiwe, wazee wetu shikamooni. Mahesabu atasoma mweka hazina mi siyagusi, ila michango imerudi vizuri baada ya msimu wa korosho na waliokuwa wanadaiwa wengi wamelipa, ahsanteni sana. Mi leo nataka tuongee jambo moja tu, umoja wetu huu wa kusaidiana misiba hapa Mtwara umepona wapi na bado unaumwa wapi.

Tukumbushane kidogo. Korona ilivoingia Machi 2020 huku kwetu hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Uganda na Rwanda, masoko yalikuwa wazi, misikiti na makanisa wazi, ila shule zilifungwa tarehe 17 Machi mpaka 29 Juni na watu wakaanza kuogopana wenyewe kwa wenyewe, huyu anasema ugonjwa upo yule anasema haupo, na kwa vile ulikuwa mwaka wa uchaguzi basi hata barakoa ikageuzwa ya kichama, ukiivaa unaulizwa we upande gani. Julai tukamzika Mzee Mkapa pale Lupaso, Oktoba uchaguzi, Oktoba hiyohiyo ndugu zetu wa kijiji cha Kitaya, huku Mtwara mpakani, wakavamiwa na watu wenye silaha waliotokea Msumbiji, Machi 2021 Rais Magufuli akafariki. Yaani hujafuta chozi la hili linaingia lile. Ilipokuja chanjo mwezi wa saba, pamoja na kwamba Rais Samia alichanjwa hadharani, humu ndani ndo tukagawanyika kabisa.

Kuna msiba wa mwenzetu, familia siitaji, wengi mlikuwepo. Uani majamvi mawili, chini ya mwembe wamekaa wa chama hiki, barazani wa chama kile, na kila jamvi lina daftari lake la rambirambi! Kina mama jikoni nao hivohivo, huyu hachoti maji kwenye ndoo ya yule, wali unaungua watu wanategeana. Watani nao hawakuja. Mtani tunavyomjua sisi akija msibani anaingia mpaka kaburini anagoma kutoka hadi alipwe, wafiwa wanacheka na kulia hapohapo, sasa atamtania nani wakati watu hawasemeshani? Jeneza wakabeba vijana wa upande mmoja, wengine wamesimama barabarani wanaangalia. Mi nililia siku ile, na sikuwa namlilia marehemu peke yake.

Sasa huko juu mwaka huu wa 2022 mambo yamesogea na mi nafurahi nasema wazi. Mbowe wa Chadema ameachiwa gerezani Machi, Julai vyama vingi vimetimiza miaka 30 na Rais akaja na zile R nne zake za Kiingereza, kwetu ni maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya, kikosi kazi cha Profesa Mukandala kikakusanya maoni kuhusu siasa za vyama vingi, na juzi tu hapa tarehe 3 Januari 2023 katazo la mikutano ya hadhara lililokuwepo toka 2016 limeondolewa. Mtu ukimziba mdomo hanyamazi, anaenda kunong'ona, na sisi wa Mtwara tunajua inavyokuwa maana zile vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, watu walitaka kusikilizwa tu, Mzee Mkapa mwenyewe aliomba pande zote zikae zizungumze, lakini mpaka mwezi wa tano yakaishia kwenye moto na watu wakafa. Ila jamani maridhiano ya Ikulu hayaji yenyewe mpaka huku mtaani Chikongola. Wakubwa wakishapeana mikono kule, sisi huku bado kuna mtu hajaingia nyumba ya jirani yake toka uchaguzi ule.

Tulichofanya sisi ni kupanga zamu za misiba kwa mitaa, sio kwa kuchaguana, kwahiyo mnaokaa mtaa mmoja mtachimba kaburi pamoja mkitaka msitake, na daftari la rambirambi ni moja, linakaa kwa katibu. Imesaidia sana, msiba wa mwisho Mikindani watani walikuja! Waliojitoa kwenye umoja hawajarudi wote, kamati inaendelea kuwafata majumbani, na nawaomba wazee mtusindikize maana sisi tukienda peke yetu tunaonekana tunafata michango.

Mikutano inarudi, wapo humu watakaopanda majukwaani na ni haki yao. Kwahiyo kamati inaleta mapendekezo mawili. Sare za chama chochote zisivaliwe kwenye vikao vyetu wala msibani. La pili, habari za magonjwa na chanjo zisirushwe kwenye grupu mpaka mtu awe ameuliza zahanati, maana humo ndo ugomvi mwingi ulianzia. Anayepinga asimame apinge, tumsikilize mpaka amalize, alafu tupige kura kwa kunyoosha mikono kabla ya chakula. Mweka hazina karibu na daftari lako.