Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Kanada: Rubani wa Juu ya Mawingu Afundishwe Pia Kushuka

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa rubani wa ndege ndogo mwenye ile idhini ya ziada inayomruhusu mwenye leseni binafsi kuruka mchana juu ya tabaka la mawingu, bila kuwa na idhini kamili ya kuongoza ndege kwa ala, yaani kwa kufuata vipimo vya dashibodi pekee bila kuona nje. Naithamini sana, kwani anayelazimika kubaki chini hubanwa kati ya wingu na vilima, ilhali juu hewa imetulia na upeo unaonekana.

Kanuni zenyewe sina ugomvi nazo. Zinataka ndege ikae angalau futi 1,000 kutoka kwenye wingu, na iwapo katikati ya matabaka mawili, nafasi baina yake isipungue futi 5,000. Tena utabiri wa kiwanja cha kufikia usiwe na mvua, ukungu wala radi, na mawingu yake yawe ya kutawanyika tu. Idhini inahusu kukaa juu. Kupanda na kushuka hufanyika palipo wazi.

Wasiwasi wangu ni mafunzo. Mwombaji hutimiza saa 15 za kuruka kwa ala pamoja na mkufunzi, na saa hizo zaweza kupatikana siku ya anga jeupe, mwanafunzi akiwa amevaa kofia ya kumzibia mandhari ya nje. Kofia hiyo ina faida, lakini haizibi kila kitu: mwanga wa jua hupenya pembeni na kivuli huhama juu ya dashibodi ndege inapogeuka, nao mwili huzipokea habari hizo hata macho yakiwa kwenye ala. Ndani ya wingu halisi hakuna kivuli. Kuna weupe mtupu pande zote, na sikio la ndani linashikilia kwamba ndege imenyooka wakati ala inaonyesha bawa moja limelala. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasiozoea ala katika hali ya kuigiza wingu. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178.

Mwenye saa 15 amewazidi wale kwa mbali. Hata hivyo, utabiri ukikosea na uwazi aliokuwa akiutegemea ukajifunga huku mafuta yakipungua, haifai wingu la kwanza maishani mwake liwe hilo.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, walau saa 3 kati ya hizo 15 zirukwe juu ya mawingu halisi, na mwanafunzi ashuke ndani yake angalau mara moja akiwa na mkufunzi mwenye idhini ya ala, kwa kibali cha waongoza ndege. Katika safari hizohizo azoezwe kugeuza ndege mapema, mafuta yakiwa bado ya kutosha kurudi alikotoka. Najua mkufunzi na hali ya hewa ifaayo havipatikani siku moja kila mara, na gharama itapanda kidogo, mimi ningeilipa.

Wako mtiifu,
Rubani binafsi