Rubani akirudi kiwanjani kwa sababu ya umeme, msimtukane

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na sisi tunaoshika hizi mashine kila siku huwa tunakaa kimya. Mimi ni fundi, kazi yangu ni umeme na redio za ndege ndogo, hizi za injini moja. Kila nikisikia ndege imegeuza njiani ikarudi ilikotoka maneno ni yale yale, rubani muoga, kampuni mbovu, watu wamekoseshwa kikao, mwingine anadai hela yake pale pale kaunta. Halafu wapo wanaoamini umeme ukikata angani basi ndege inadondoka hapo hapo. Wote hawajaelezwa vizuri.

Nianze na hao wanaoogopa ndege kudondoka. Injini ya Cessna 172, ambayo vijana wengi wanajifunzia urubani, haihitaji betri ili iendelee kuwaka. Ina magneto mbili, yaani vifaa vya kuzalisha umeme wa cheche, zinazozungushwa na injini yenyewe na ndo zinatoa cheche kwenye plagi, kwa hiyo hata ukizima swichi kuu ya umeme injini inaendelea kunguruma vile vile. Hata Caravan, ile Cessna kubwa kidogo ya abiria ambayo wengi mnaipanda kwenda Zanzibar au Mafia, injini yake ikishawaka haisubiri umeme, na mbali na jenereta ina alteneta ya akiba, nayo ni mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini. Kinachoondoka ni redio, transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada ya waongozaji), taa, geji za mafuta, na flapsi, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, kwa zile ambazo flapsi zake zinavutwa na mota. Mchana hali ya hewa ikiwa safi rubani aliyefunzwa anatua bila hivyo vyote.

Shida ni kwamba alteneta, ambayo ndo inachaji betri, inakufa kimya kimya. Sindano ya geji ya ampia inahamia upande wa kuonyesha betri inatoa umeme, taa ndogo ya onyo la volti inawaka, lakini redio inaongea vizuri tu kwa sababu betri imebeba mzigo wote, na hapo ndo mtu anajidanganya kwamba hamna tatizo. Betri nzima ya ndege ndogo tunaihesabia kama nusu saa hivi, tena kama umeshazima vitu usivyohitaji, ikiwa imechoka ni chini ya hapo. Baadae inafika hatua unawasikia waongozaji wa mnarani vizuri kabisa ila ukibonyeza kitufe uongee redio inazima, kwa sababu kutuma sauti kunakula umeme mwingi kuliko kusikiliza. Ndo maana tunawaambia marubani wajaribu kuiwasha upya alteneta mara moja tu bila kurudia, sakiti breka (swichi ya usalama inayokata umeme) ikiruka tena iachwe maana ukiilazimisha unatafuta moto, wazime visivyo vya lazima na waongee na mnara mapema wakati sauti bado ipo. Redio ikishakata unaweka 7600 kwenye transponda ili waongozaji wajue huna mawasiliano, lakini umeme ukiisha kabisa transponda nayo imekufa na hiyo namba haimfikii mtu, kwa hiyo usingoje.

Sasa nitoe mfano wa Marekani ambao mimi kila fundi mpya namsimulia. Tarehe 11 Oktoba 1983 ndege ya Air Illinois, safari namba 710, iliruka usiku kutoka Springfield kwenda Carbondale. Ni Hawker Siddeley 748, kubwa kuliko zetu hizi, lakini hesabu ya betri ni ile ile. Muda mfupi baada ya kuruka jenereta ya kushoto ikafa, na katika kuhangaika rubani msaidizi akaikata kimakosa kwenye mfumo ile ya kulia ambayo ilikuwa nzima, ikagoma kurudi. Springfield ipo hapo nyuma yao, karibu kabisa. Wakawaambia waongozaji wana tatizo dogo tu la umeme, kapteni akaamua kuendelea, usiku, kwenye mawingu, safari ya kama dakika 40 kwa betri ya nusu saa. Betri ikaisha njiani, ndege ikaanguka karibu na Pinckneyville, watu wote 10 wakafa. Bodi ya uchunguzi ilisema chanzo ni uamuzi wa kapteni kuendelea badala ya kurudi, na ikataja shinikizo alilojiwekea mwenyewe kichwani.

Hilo neno shinikizo ndo limenifanya niandike. Abiria anayemgongea rubani saa, anayemwambia mbona jana mwenzako alifika, anaongeza mzigo kwa mtu ambaye anatakiwa apige hesabu ya dakika za betri kwa akili iliyotulia. Rubani akigeuza mshukuruni, mpande nyingine kesho.

Na kwa wenye ndege na wakubwa wa viwanja nina ombi. Kwenye mnara kuna taa ya ishara, ile ya kumulika rangi kwa ndege isiyo na redio. Kijani isiyopepesa unatua, nyekundu isiyopepesa unapisha wenzako uendelee kuzunguka, nyekundu inayopepesa kiwanja si salama usitue, kijani inayopepesa urudi kwa ajili ya kutua. Rubani akiiona ishara wakati wa mchana anatikisa mabawa kujibu kwamba ameiona. Ishara zenyewe ni chache lakini ulizia marubani wa miaka mingi uone wangapi wanazijibu bila kufikiri, na hizo taa zenyewe ziwashwe mara kwa mara kwa mazoezi zisikae kabatini. Viwanja vya nyasi kule mbugani havina mnara kabisa, kule ni macho tu, unapita juu kwanza unaangalia soksi ya upepo, wanyama, na nani mwingine yupo kwenye mzunguko, maana yeye hakusikii na wewe humsikii.

Redio ya mkononi yenye betri yake inatosha kwenye begi la rubani, bei yake ukilinganisha na ndege ni ndogo mno, sioni kwanini ndege inayobeba abiria iruke bila nayo. Na betri kuu ipimwe uwezo wake kweli, isiwe imewasha injini asubuhi basi imeandikwa nzima. Joto letu la Dar linazimaliza betri haraka, nimefungua nyingi ambazo injini zinawasha vizuri ila ukiziwekea mzigo hata dakika kumi hazifiki.

Fundi umeme wa ndege,
Dar es Salaam