Kikao cha riwaya za upelelezi kimesogezwa: sasa ni Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Kikao chetu cha Jumapili sasa kitakuwa Jumamosi hii, saa 10 kamili jioni hadi saa 11 na nusu, kwa simu ya kikundi humu humu.

Kitabu ni kile kile: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960 na kutuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Naomba haya:

1. Someni, lakini msifungue sura mbili za mwisho. Tafadhali sana, hata kama hamu inawazidi.
2. Kila mmoja anitumie faraghani jina la anayemshuku na ushahidi mmoja kutoka kitabuni: kauli iliyomponyoka, saa asiyoweza kuieleza, chochote.

Hilo la pili nalisisitiza kwa sababu ndipo utamu wa riwaya hizi ulipo. Mwandishi mzuri hutuwekea dalili mbele ya macho, kisha hutuzubaisha na ugomvi wa watu wengine. Ukirudi kurasa za mwanzo unaikuta imekaa pale pale. Mimi humchunguza sana yule mpole anayeingia na trei ya chai, ambaye hakuna anayenyamaza akipita.

Aliyekwisha kumaliza kitabu asifichue. Ila namwomba aongoze mjadala, nahitaji mmoja.

Jibuni "Nipo" au "Sitakuwepo" kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, nipange zamu za kuzungumza. Asanteni sana.