Kabla ya kumjadili Aileen, tuangalie lango la jirani

Mhariri,

Siku hizi kijiweni kwetu hapa Malindi kahawa hainyweki bila habari za Aileen Wuornos, yule Mmarekani aliyeua wanaume saba kule Florida kati ya 1989 na 1990, naye akauawa na serikali kwa sindano ya sumu Oktoba 2002. Vijana wameitoa kwenye simu, wazee wameidaka. Kuna wanaosema alizaliwa na shetani wake. Wengine wanasema maskini, aliteswa utotoni, msimlaumu. Mimi siko upande wowote.

Aliteswa, hilo halina ubishi. Alizaliwa Michigan mwaka 1956, na mama akamtelekeza hata hajatimiza miaka minne. Baba, ambaye hawakuwahi kuonana, alijinyonga gerezani. Akalelewa na babu na bibi. Kufikia miaka 11 tayari kulikuwa na waliomtumia kimwili kwa kumpa sigara na chakula. Akiwa na miaka 14 akapata mimba; mwenyewe alisema alibakwa na rafiki wa babu yake. Mtoto alipozaliwa alichukuliwa, akapewa watu wengine wamlee. Haukupita muda mrefu babu akamfukuza, binti akawa analala msituni, si mbali na nyumba hiyohiyo.

Lakini kaka yake Keith alikulia humohumo na hakuua mtu. Na wanaume wale saba nao walikuwa na watu wao. Mateso hayamwoshi mtu damu.

Wenzangu hufunga mjadala kwa kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Juzi nikauliza: huo ulimwengu ni akina nani? Nikaambiwa nisilete siasa.

Basi niilete hapa. Mwaka 2006 UNICEF na serikali yetu walitoa ripoti iliyokadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono. Ni wa kuanzia miaka 12. Ripoti ni ya zamani, najua. Ila mwezi uliopita, magharibi, nilimwona binti akishuka tuktuk karibu na jumba moja la kukodisha. Kola ya sare ya shule ilichungulia kwenye begi lililokuwa halijafungwa zipu. Aliinama akapangusa vumbi viatuni kwa kiganja. Dereva hakuzima injini, na askari wa lango alifungua bila kuuliza neno, kama anayefungulia mtu wa nyumbani.

Wengi wa mabinti hawa hawatamdhuru yeyote. Wataumia wao, na kijiweni hawatazungumzwa.

Sheria tunayo. Ile ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 14, inampa anayepanga utalii wa ngono wa watoto kifungo kisichopungua miaka 10. Hao hawafanyi kazi peke yao: kuna anayembeba mtoto na kuna anayemfungulia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenyeviti wa steji za tuktuk: bandikeni ndani ya kila tuktuk namba 116, ile ya simu ya kuripoti mtoto anayedhulumiwa; ni ya bure, usiku na mchana. Na wenye majumba ya kukodisha wadai kitambulisho cha kila msichana anayefika langoni, kwa ukali uleule wanaodaia kodi.

Mzazi,
Barani, Malindi