Mitambo ya leza inayopima ozoni isisahauliwe

Mhariri,

Kila ifikapo Septemba 16, Siku ya Kimataifa ya Ozoni, husifiwa setilaiti, lakini ni nadra kutajwa mitambo ya leza iliyoko ardhini, kama ule wa Hohenpeissenberg nchini Ujerumani, ambao umekuwa ukipima ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale hatari ya jua, tangu 1987, mwaka uleule uliotiwa saini Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni.

Usiku usio na mawingu, mtambo huo hurusha angani mapigo mafupi ya mwanga wa urujuanimno wa namna mbili: mmoja hufyonzwa sana na ozoni, mwingine karibu haufyonzwi kabisa. Darubini hupokea chembe za mwanga zinazorudishwa na hewa. Muda wa kurudi huonyesha kimo, na jinsi mianga hiyo miwili inavyotofautiana kwa kufifia huonyesha kiasi cha ozoni. Kutoka kilomita 30 juu, safari ya kwenda na kurudi huchukua sekunde 0.0002 tu, jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha.

Puto za vipimo, zikiwemo zinazorushwa Nairobi, kwa kawaida hupasuka kwenye kimo cha kilomita 30 na kitu, ilhali leza huvuka kilomita 40, ambako madhara ya klorini itokanayo na kemikali za viwandani kwa ozoni hujitokeza waziwazi. Setilaiti nazo huchakaa na kubadilishwa. Bila kipimo cha kudumu cha kuzilinganisha nacho, ni vigumu kutambua iwapo kilichobadilika ni ozoni au ni chombo chenyewe.

Kwa hiyo naziomba serikali zinazogharimia vituo hivi zisivikatishe, na gazeti lako livipe nafasi Septemba ijayo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam