Usinunue opali ikiwa bado imelowa

Mwanangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na picha za yale mawe nimezitazama mpaka simu ikazima. Huku Arusha tu wazima. Mvua zimeanza, na baba yako bado anabishana na fundi wa paa.

Sasa tuongee biashara. Unasema huyo muuzaji wa Addis Ababa kakuonyesha opali za Wello, yale mawe ya thamani ya kaskazini mwa Ethiopia, zikiwa kwenye bakuli la maji, na zinawaka rangi ajabu. Kabla hujatoa hata senti, mwambie azitoe humo. Azifute, azianike mezani siku mbili tatu, nawe urudi kuzitazama zikiwa kavu. Akikataa, mshukuru kwa chai yake uende zako.

Umekulia mbele ya meza yangu ukiona tanzanaiti na rubi, kwa hiyo usije ukazipima opali kwa kipimo hicho. Hizo ni fuwele, opali siyo. Ni silika, yaani kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, iliyoachwa na maji yaliyopenya miambani, ikagandamana polepole, na maji mengine yakabaki humo humo ndani: mara nyingi kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito wake. Mwaka 1964 wanasayansi wa Australia waliichungulia kwa hadubini ya elektroni wakakuta ndani yake kuna viduara vya silika visivyoonekana kwa macho, vimepangwa safu juu ya safu kama machungwa ya sokoni. Mwanga ukipita kwenye mpangilio huo unachambuka kuwa rangi. Viduara vikubwa, vya karibu nanomita 300 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ndivyo vinavyotoa nyekundu. Vidogo vya nanomita 150 hivi huishia kwenye buluu na zambarau. Ndiyo maana ukiona nyekundu inacheza ndani ya jiwe, bei nayo inapanda.

Viduara visipojipanga, unapata opali ya kawaida isiyocheza rangi. Ile ya kijani ya Haneti, kule Dodoma, ni ya kundi hilo. Kijani chake kinatokana na nikeli, na mimi naipenda kwa shanga, ila usikubali mtu akuuzie kwa bei ya opali inayocheza rangi.

Australia ndiyo iliyotawala soko hili kwa zaidi ya miaka 100. Nyeupe zinatoka Coober Pedy, ambako wamechimba tangu 1915 na watu wengi wanaishi katika nyumba zilizochongwa chini ya ardhi kukimbia joto. Nyeusi, ambazo ndizo ghali kupita zote, zinatoka Lightning Ridge. Za Queensland hukatwa pamoja na mwamba wake wa kahawia, kwa sababu opali yenyewe ni utando mwembamba tu. Meksiko wana yao ya rangi ya chungwa iliyoiva, inayopitisha mwanga; hiyo inapendwa hata isipocheza rangi.

Mawe ya Ethiopia yaliingia sokoni na jina baya. Yale ya mwanzo, ya miaka ya 1990 kutoka Shewa, mengi yalipasuka yakishakauka, na wanunuzi wakachukia. Kisha mwaka 2008 hivi ikapatikana opali ya Wegel Tena, huko Wello, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Inakaa kwenye tabaka jembamba, halifiki hata mita moja, katikati ya miamba ya volkano, kwenye magenge yaliyo juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Wachimbaji wanatoboa mashimo ubavuni mwa genge. Ukiambiwa bei, wakumbuke hao kabla hujaanza kupunguza.

Opali hii imara kuliko wengi wanavyodhani, ila inakunywa maji. Chukua kipande kikavu ukiguse kwa ncha ya ulimi: kitanata. Kidondoshee tone la maji, tone litazama. Ukikizamisha kabisa, kile kilichokuwa cheupe kinageuka kuwa kama kioo, na rangi zake zinaweza kufifia au hata kupotea. Kikikauka, baada ya saa au siku kadhaa, zinarudi. Jiwe ghafi likiwa majini mikwaruzo yake haionekani na nyufa zinajificha, kwa hiyo unanunua usichokiona. Halafu kuna mizani. Jiwe kavu la karati 20, kile kipimo chetu cha uzito wa vito, linaweza kusoma 22 likishakunywa, na hizo mbili za juu utalipia maji ya bomba kwa bei ya kito.

Kinachopitisha maji kinapitisha na rangi. Ukiona opali ya Wello ya zambarau kali au buluu ya wino, hiyo imetiwa dawa. Nyeusi nayo itilie shaka: wanaifunga kwenye karatasi, wanaichoma, moshi unaingia ndani ya jiwe. Si dhambi kuuza jiwe la namna hiyo, dhambi ni kunyamaza. Na lililokwisha pachikwa kwenye pete ulitazame ubavuni. Ukiona mstari ulionyooka kama umepigwa rula, huenda ni kipande chembamba cha opali kilichogandishwa juu ya kitu cheusi.

Shangazi yako ameshasikia habari hizi na tayari anasema opali ina nuksi. Huo ni uzushi wa Ulaya ya zamani, na Malkia Victoria mwenyewe alizivaa bila wasiwasi. Nuksi ninayoijua mimi ni mafuta ya nazi na marashi, maana jiwe hili linavifyonza. Ugumu wake, kwa kipimo cha Mohs kinachoishia 10, ni 5.5 hadi 6.5 tu, na vumbi la kawaida lina kwatzi yenye 7 inayoweza kulikwaruza, kwa hiyo wateja wetu tuwatengenezee hereni na vidani kuliko pete. Sonara wetu nitamwambia mwenyewe amalize kuchomelea kwanza, jiwe lipachikwe mwisho, na asilitie kwenye ile mashine yake ya kusafishia.

Kwa safari hii chukua machache yaliyokwisha katwa, jiwe ghafi tuliache. Ulizia mapema vibali vya kuyatoa nchini, na risiti iandikwe uzito wa jiwe likiwa kavu. Picha za mnato sizitaki tena. Nitumie video ukiligeuza kila jiwe polepole, kwanza juani, kisha kivulini, maana yapo yanayowaka juani na kuzimika ndani ya nyumba. Nitumie usiku baada ya saa mbili, nitakuwa nimeshafunga meza.

Mama yako