Barua kwa Hamisi: polisi wa mpakani Estonia

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum, na salamu kwa wote nyumbani. Barua yako imefika. Umeuliza nchi ya watu milioni 1.3 inawezaje kulinda mpaka wake na Urusi, na polisi wa huko hasa wanafanya nini. Nchi uliyoitaja ni Estonia, basi nitabaki hukohuko.

Usiwafikirie kama jeshi. Polisi wa mpakani hawawezi kuzuia vifaru, wala hawakuwekwa kwa kazi hiyo. Wamewekwa ili mstari ujulikane ulipo, na kila anayeuvuka ajulikane ni nani, amepita wapi na saa ngapi. Urefu wa mpaka ni kilomita 338 hivi, na za nchi kavu ni kama 135 tu. Kwingine kote ni Ziwa Peipsi na Mto Narva, na majini ndiko kwenye tabu kubwa.

Nchi kavu kuna msitu na vinamasi. Mpaka umefyekwa ukanda wa mita 10, na nguzo za Estonia zina milia ya buluu, nyeusi na nyeupe. Za Urusi zinazozikabili ni nyekundu na kijani. Kamera na vihisi vipo, lakini askari mzuri bado anasoma ardhi. Udongo laini hutifuliwa, husawazishwa, kisha hukaguliwa jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kivuli kinapolala ndani ya unyayo. Usiku tochi hushikwa karibu na ardhi na kumulika kwa upande. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Kisigino kilichozama sana ni dalili ya mzigo. Umande ulioanguka juu ya unyayo unakuambia mtu alipita kabla ya alfajiri. Anayetembea kinyumenyume ili aonekane ametoka, kumbe ameingia, hujisaliti mwenyewe: hatua zake ni fupi, na udongo huburutwa kuelekea kule anakokwenda kweli.

Njia hii huharibika kwa sababu za kawaida kabisa. Nyasi zisipokatwa, ukanda unapotea. Mvua hufuta, ardhi ikiganda haishiki alama, na nguruwe pori hufukua usiku kucha. Vihisi navyo huamshwa na wanyama haohao, na mlinzi aliyesikia kengele ya bure mara thelathini huanza kuidharau ya thelathini na moja. Hapo ndipo mwenye magendo anapopata njia yake ya panya.

Kuhusu historia, mkataba wa Tartu wa tarehe 2 Februari 1920 ndio ulioipa Estonia mpaka na Urusi. Kikosi maalumu cha walinzi wa mpaka kilianza tarehe 1 Novemba 1922, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Miaka ile kazi nyingi ilikuwa baharini: Ufini ilipiga marufuku pombe kuanzia 1919 hadi 1932, na wavuvi wa Estonia wakavusha spiriti usiku kwa mashua. Mwaka 1940 Wasovieti waliivamia nchi, na kikosi kikaisha. Baada ya hapo pwani ikawa eneo la kibali, na mchanga wa ufukweni ukapigwa haro ili nyayo zionekane. Ufundi ni uleule niliokueleza, ila sasa waliowindwa ni wenyeji wanaotaka kutoroka.

Walinzi wa mpaka walirudishwa tarehe 1 Novemba 1990, kabla uhuru wenyewe haujarejeshwa tarehe 20 Agosti 1991. Mimi naona hilo linasema mengi kuhusu walichokiona kuwa cha kwanza. Mwaka 2010 wakaunganishwa na polisi wa kawaida pamoja na idara ya uraia na uhamiaji. Kwa kijiji cha mbali ni nafuu, gari moja la doria linashughulikia wizi na mpaka pia. Lakini jicho la kusoma nyayo huchukua miaka kuliva, na mtu akihamishwa mjini haraka ujuzi wake hauna wa kuurithi.

Mpaka wa leo si ule wa 1920. Wasovieti walihamisha ardhi ya mashariki ya Narva na sehemu kubwa ya wilaya ya Petseri, kusini-mashariki, kwenda Urusi. Mkataba mpya ulitiwa saini mwaka 2005, Urusi ikaondoa saini yake. Wa 2014 haujaidhinishwa mpaka leo. Matokeo yake utayaona mtoni. Kila majira ya kuchipua maboya yamekuwa yakiwekwa Mto Narva kuonyesha njia ya vyombo, kwa kuwa kitanda cha mto hubadilika, na mvuvi asiye na boya huvuka mpaka bila kujua. Tarehe 23 Mei 2024, saa tisa usiku, Warusi waliondoa maboya 24 kati ya 50 yaliyokuwa yamewekwa.

Peipsi huganda, na wavuvi huenda kuvulia kwenye matundu ya barafu. Barafu ngumu ya sentimita 10 hubeba mtu, lakini unene si kinga dhidi ya upepo. Ukivuma kutoka ufukweni hufungua ufa, na pande zima husogea na watu juu yake, pengine kuelekea Urusi. Ndiyo maana mvuvi hutakiwa kuwaarifu polisi anapoingia na anapotoka. Uokoaji ni wa polisi haohao, kwa hovakrafti, chombo kinachokwenda juu ya barafu na juu ya maji vilevile.

Umesema mpwa wako anakwenda Tallinn kwa viza. Mwambie pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka. Mwaliko, malazi na uthibitisho wa fedha viwe mkononi, visiwe kwenye simu inayoweza kuzima chaji. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mfumo mpya wa kielektroniki ulianza kuchukua nafasi ya mihuri, kwa hiyo atapigwa picha ya uso. Akipelekwa chumba cha pili asihamaki, ni ukaguzi wa kina tu. Akikataliwa, ni haki yake kupewa fomu yenye sababu kwa herufi: E ni kukosa nyaraka za kuthibitisha lengo na masharti ya kukaa kwake, G ni fedha zisizotosha. Asiondoke bila fomu hiyo, maana ndiyo atakayokatia rufaa.

Niandikie tarehe yake ya kusafiri.

Wako,
Salim